Mayele Hakuwa na Kichaa

Feza, mwanangu,

Mambo ya safari mama yako amekwisha kuyasema, na aliyoyasahau atayasema kesho asubuhi kwenye gare, mpaka treni iondoke. Mimi sitakuambia sanduku lifungwe kwa kamba gani, wala ukifika Kabalo umwulize nani habari za treni ya Lubumbashi. Una miaka kumi na tisa na akili zako zimenipita zamani. Ni saa tisa ya mchana. Nimechukua karatasi za biro, ofisi yetu ya mifugo, hizi zenye kichwa cha serikali ambazo siku hizi hazina kazi, nimekaa mlango wa nyuma. Nina neno moja tu la kukuambia, na nilipaswa kulisema miaka kumi iliyopita.

Paka wako Mayele hakuwa na kichaa. Aliogopa tu. Nilijua siku ile ile, na nikasema ana kichaa cha mbwa.

Sasa umejua. Yanayofuata ni namna ilivyokuwa. Naandika kwa sababu ukiniuliza nikakujibu kwa mdomo nitaanza kujitetea, na mimi ni hodari sana wa kujitetea. Mama yako atakuambia.

Nilitaka kufa na neno hili. Jumapili ndiyo iliyonishinda. Ndugu na watu wa kanisa walipokuja kukuombea safari, mjomba wako alikuchokoza mbele ya wote kwa kwenda kusomea udaktari wa wanyama: "Feza, munganga ya nyama? Umekosa wantu wa kuponyesha?" Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ukasema, "Mjomba, nataka nipigane na ule ugonjwa ya kichaa. Ule njo uliua paka yangu, na ilibakia kidogo tu ituue mimi na Papa." Wakakupigia makofi. Nami nikapiga makofi, Feza. Mikono yangu ilipiga makofi yenyewe. Mama yako akainuka akaenda jikoni, na wewe ukadhani analia kwa sababu unaondoka.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda, alinijia nikiwa nakusanya viti. "Papa Feza," akasema, "ukiacha mutoto apande treni na ule uongo mu kichwa, mimi mwenyewe nitamuambia kwenye gare, mbele ya wantu wote." Tangu hapo hajanisemesha. Ananiwekea chakula na kugeuka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko reli, kwa sababu ninyi wawili mlinibeba, mmoja kwa kunyamaza, mwingine kwa kuniamini.

Kazi yangu ya munganga wa wanyama nilijifunza kule Pepa, kwa ng'ombe. Ng'ombe unamfunga kamba, wanaume wanne wanamwangusha, unamaliza kazi, anainuka, anakula majani. Nilipohamishiwa Kalemie nikakuta mbwa, mbuzi na paka wa mjini, na kwangu paka alikuwa ng'ombe mdogo mwenye makucha. Nikatengeneza njia yangu mwenyewe, nikajisifu nayo. Biro ilikuwa na gunia moja zito, la zamani. Kila paka aliyeletwa aliingizwa humo, gunia likafungwa, mtu mmoja akakaza huku na mwingine kule, nami nikachoma sindano juu ya gunia mahali paja lilipoonekana. Paka walilia, walikojoa, walijinyea. Baada yao gunia lilitungikwa msumarini mpaka paka mwingine aje. Halikufuliwa hata siku moja. Watu walilisifu. "Ule munganga haogopi paka," walisema, na mimi nilivimba kichwa.

Mayele ulimwokota mwenyewe, chini ya maghala ya bandari, akiwa mdogo wa kukaa kwenye kiganja. Jina hilo la ujanja ulimpa kwa sababu alijua kufungua sufuria ya samaki wa ndagala kwa mguu mmoja bila kuiangusha. Alilala shingoni mwako. Mimi nilimtishia kwa kandambili kila siku, na kila siku alinipisha kitini kwangu bila haraka, kama mtu aliyekumbuka ana kazi mahali pengine. Nakiri nilimpenda kidogo.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mkubwa mmoja alishuka kutoka mkoani kuja biro kuona kazi. Suti ya abakosi nyeusi, viatu vya kung'aa, na nyuma yake watu wa kubeba mkoba wake. Tangu usiku nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba paka wa kwanza awe wetu, ili watu waone munganga anaanza na nyumba yake. Wewe ulinifuata asubuhi ukiwa umemkumbatia Mayele ndani ya kitenge cha mama yako. Ulikuwa na miaka tisa. Ulisema, "Papa, acha nimubebe hivi hivi. Anajua harufu ya Mama. Akiwa humu haogopi."

Nilikujibu kwamba hii ni kazi ya serikali, si mchezo wa watoto. Nikamnyofoa kitengeni, nikamtia katika gunia.

Nakumbuka alivyonyamaza. Paka wengine hulia mara moja. Yeye alinyamaza kabisa, akajikunja mpaka ungedhani gunia halina kitu. Leo najua ule ndio woga mkubwa kuliko ule wa kelele. Siku ile nilimwambia mkubwa, kwa jina la heshima la wakati ule, "Muone, Sitwayeni, paka ya munganga iko na adabu." Tukamweka juu ya meza ya bati, katikati ya mbwa zaidi ya ishirini waliobweka kwenye kamba zao. Mkubwa akasema haoni kitu, gunia lifunguliwe ili watu wa nyuma nao waone. Nami, badala ya kusema hapana, nikafungua. Nikamshika ngozi ya shingo kwa mkono mmoja, miguu ya nyuma kwa mwingine, nikamnyoosha hewani kama mtu anayekamua nguo.

Aliniuma hapa chini ya kidole gumba, mpaka mfupani. Kovu umeliona miaka yote hii. Akaruka, akapita juu ya meza, chupa za chanjo zikaanguka, na wewe ukamdaka. Katika kumdaka alikukwaruza mkono. Halafu, Feza, ukamfunika na kitenge. Ukachuchumaa ukutani, ukampa mgongo umati wote, na paka akatulia. Nilimwona. Alikuwa ametia kichwa kwapani mwako, anatetemeka, hata kucha amezirudisha ndani. Paka mwenye kichaa hafanyi hivyo, na mimi nilikuwa na cheti kinachosema najua.

Watu walikuwa wanacheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha Kalemie cha kila siku, cha kumcheka aliyeteleza kwenye matope. Mtu mmoja akapaza sauti, "Munganga ameshindwa na paka ya nyumba yake!" Mkubwa naye akacheka, akajipangusa macho. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Ama iko na kichaa?"

Alinifungulia mlango. Kama paka ana kichaa, basi mkono wangu haukukosea, gunia halikukosea, na anayecheka ni mjinga asiyejua hatari. Kanuni naijua kama jina langu: mnyama aliyeuma anafungiwa siku kumi, anapewa chakula na maji, anaangaliwa. Akiwa hai siku ya kumi, hakuwa na ugonjwa siku aliyouma. Kizimba kilikuwepo nyuma ya biro, kitupu, na kufuli lake.

Nikasema, "Ndiyo, Sitwayeni. Iko na kichaa."

Kicheko kilikatika mara moja. Walirudi nyuma wote, mpaka wenye mbwa wakubwa. Lazima nikuambie kweli yote: ilinifurahisha kidogo. Kisha nikaja ukutani, nikamtoa Mayele mikononi mwako. Ulisema mara mbili, "Papa, ametulia, ona, ametulia." Nikampa mlinzi wa biro, akaenda naye nyuma. Ulisikia rungu. Nami nilisikia.

Na neno langu halikuishia hapo. Nilikuwa nimelisema mbele ya mkubwa, kwa hiyo nikaliandika, nikapiga mhuri, na karatasi ikaenda hospitali. Daktari akasoma, akauliza swali la haki: nani mwingine ameguswa na mnyama huyu? Mkono wako ulikuwa na mistari mitatu ya kucha, kila mtu ameiona. Ndipo ukaandikiwa sindano za tumboni, asubuhi kumi na nne, wewe na mimi pamoja.

Usije ukanitetea kwa kusema, labda Papa alikuwa na shaka, labda alitaka usalama. Huko uendako utafundishwa kwamba kichwa cha mnyama anayeshukiwa kinatumwa kupimwa. Barafu ilikuwepo kwa wavuvi, na treni iliondoka kesho yake. Sikukituma. Nilisema kimezikwa na chokaa, kwa usalama wa watu. Niliogopa jibu.

Usiku wa kwanza mama yako aliniuliza mara moja tu, "Ule paka alikuwa mugonjwa?" Nikakawia kujibu. Alielewa kwa kule kukawia. Akaanza kunisihi: "Rudi kwa munganga wa hopitali, umuambie ulikosea. Hii tumbo ni ya mutoto, haiko ya serikali." Nikamwambia mtu wa biro hawezi kuandika leo kichaa na kesho si kichaa, kwamba nitafukuzwa kazi, kwamba sindano haiui mtu. Kila asubuhi alikuvalisha gauni lile pana lisilobana kiuno, na hakuniangalia. Kama umewahi kujiuliza kwa nini mama yako na mimi tunaongea kama wapangaji wa nyumba moja, sababu ni hiyo. Hakuna mwanamke mwingine, hakuna ulevi, kama shangazi yako anavyodhani.

Tumbo lako lilivimba mabonge magumu. Ulilala chali wiki mbili. Shuleni mwalimu alikukalisha peke yako karibu na dirisha, na watoto walikuzunguka wakati wa mapumziko wakingoja ubweke. Uliniambia hayo tukiwa njiani, bila kulia, kama mtu anayetoa habari. Asubuhi ya nne uliniuliza, "Papa, na mimi nitakuwa vile Mayele alikuwa?" Nikasema hapana, sindano zitakulinda. Ukauliza, "Yeye kama angepata sindano angepona?" Nikasema hapana. Hapo ningeweza kusimama, barabarani, katikati ya wauza mihogo, nikakuambia. Nilikutazama kisogo nikaendelea kutembea.

Kuna asubuhi moja ambayo sijaweza kuisamehe. Kwa kawaida walianza na wewe. Siku ile wakaanza na mimi. Nilipofungua shati nilikuwa natetemeka, maana tumbo langu nalo lilikuwa bonge tupu. Ukanishika mkono huu, wenye bandeji. "Papa, usiogope," ukasema. "Angalia dirisha. Upumue polepole. Mimi niko hapa." Ulikuwa umejifunza mwenyewe, kwa mwili wako, jinsi ya kumtuliza anayeogopa. Nami miaka yote na cheti changu sikuwa nimelijua hilo. Nikaangalia dirisha. Ni kweli, maumivu yalipungua zaidi ya nusu.

Sasa nakuja kwa Mama Kiza, yule muuza ndagala wa Kataki ambaye unamsifu kila mara. Unasema mimi ndiye niliyemfundisha mji mzima kuleta paka bila kuwatesa. Si kweli hata hilo. Miaka miwili baada ya Mayele, yule mama aliingia biro na kapu lenye kifuniko, ndani yake paka jike mwenye jipu shingoni. Nikanyoosha mkono kwenye msumari kuchukua gunia. Akaweka kapu chini, akasimama mbele yangu.

"Hapana, Papa. Ile gunia yako inanuka woga. Paka zote za Kalemie zilikojoa mule. Unatia nyama mu woga ya wenzake, halafu unashangaa anakuluma?"

Nikamwambia ndiyo njia ya kazi. Akasema, "Basi kazi yako haina akili." Akatoa wenye mbwa wote nje, mmoja mmoja, kama ni duka lake. Akafunga mlango. Akaniamuru nikae chini sakafuni, nisimkodolee paka macho, ninyamaze. Mimi, mtu wa serikali, nikakaa. Aliniambia lile kapu lilikuwa chini ya kitanda chake wiki nzima, wazi, na chakula ndani, mpaka paka akalizoea kuwa mahali pake pa kulala. Ndani alikuwa ametandika kitenge alichokivaa siku tatu, bila kukifua. Njia nzima alilibeba kifuani kwa mikono miwili, halikuning'inia hata kidogo.

Tulikaa muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Kisha akafunua kifuniko kwa upande mmoja tu, kitenge kikabaki kichwani mwa paka, na mbele ya pua yake kiganja cha ndagala. "Sasa fanya kazi yako. Usimutoshe mu kapu. Afanyiwe humo humo." Nikapasua jipu, nikaosha, nikachoma sindano. Paka alinguruma mara moja, akaendelea kutafuna. Mama Kiza akafunika kapu, akaniambia nyumbani atamweka chumba chake peke yake mpaka harufu ya dawa iishe, wenzake wasimkatae. Akaniachia fungu la ndagala akaenda zake.

Nilikwenda nyuma ya biro, pale pale mlinzi alipompeleka Mayele, nikalia. Usidhani ni machozi ya kuguswa. Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi. Miaka miwili nilikuwa nikijiambia kwamba kazi ni ngumu, paka ni wakali, mtu hufanya awezavyo. Kumbe kilichohitajika ni kapu, nguo yenye harufu ya nyumbani, mlango uliofungwa na munganga anayeweza kunyamaza. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amekwisha kuniambia, na kitenge alikileta mwenyewe.

Gunia nililichoma moto siku hiyo. Tangu hapo nilifanya kama nilivyofundishwa, na mji ukanisifu upya, na wewe ukakua ukinitazama nimekaa sakafuni nikingoja paka za watu zitulie. Ulikuwa ukikaa karibu nami baada ya shule. Siku moja ulisema, "Papa, wewe unapenda hizi nyama sana." Nilinyamaza, na kunyamaza nako ni kusema uongo. Kila paka aliyetulia mikononi mwangu alitulia kwa deni la Mayele, na heshima ya paka yule niliila mimi.

Sikupi shauri, Feza. Mtu aliyefanya haya hana kiti cha kukalia atoe mashauri. Nakuambia tu nilichokiona kwa macho yangu. Mnyama akikuuma mezani, utasikia neno linakuja mdomoni: mkali, mkaidi, ana ugonjwa. Linakuja upesi sana, na ni tamu, kwa sababu linakuondoa wewe katika habari. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lilipona kwa mwezi mmoja. Na ukikosea, maana utakosea, rudi siku hiyo hiyo. Siku ya pili ni ngumu mara mbili. Ya kumi na nne nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba nimechelewa, na kumbe bado nilikuwa na miaka kumi mbele yangu ya kuchelewa kila siku.

Huko chuoni, siku ya kwanza, watawauliza mmoja mmoja mmekuja kwa nini. Wewe ulikuwa na jibu zuri, lililopigiwa makofi. Nimekunyang'anya leo. Labda utakosa la kusema, utabaki umesimama mbele ya wageni bila neno, na hilo nalo ni kazi ya mikono yangu. Labda utaona hutaki tena kwenda. Mama yako alisema jioni ile ya Jumapili kwamba utakwenda, kwamba wewe ulimjua Mayele kabla hujajua neno kichaa. Mimi sina haki hata ya kutumaini.

Nilifikiri kuificha barua hii kwenye sanduku, chini ya nguo, uikute Kamina au mbele zaidi, mimi nikiwa mbali na macho yako. Ndivyo ningefanya zamani. Sasa ni saa kumi na moja, jua bado lipo, nakusikia unacheka na mama yako uani. Nitakuita, nikupe mkononi. Nitakaa hapa hapa mlangoni unaposoma, na sitafungua mdomo. Kutoka uani kuingia ndani hakuna njia nyingine ila mlango huu ninaoukalia. Ukinipita bila kuniangalia, nitajua umefika mwisho wa barua.

Ni mimi,
Papa